Pesa za zamani za Marekani: kila ufa una habari yake

Philadelphia, Marekani. Tarehe 15 mwezi wa kumi 1794, kiwanda cha serikali kilitoa dola 1,758 za kwanza za madini ya fedha. Kila sarafu iligongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Nyota, herufi na tarakimu za mwaka zilipigwa kwenye muhuri moja moja, kwa mkono. Ndiyo maana hakuna mihuri miwili iliyofanana kabisa.

Muhuri ukipasuka, mara nyingi uliendelea kutumiwa, kwani kutengeneza mwingine ilikuwa kazi kubwa. Ufa ule ulitokea kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Leo mkusanyaji huchukua nusu dola mbili za mwaka mmoja, akazitazama kwa lenzi. Nyota imekaribia herufi gani? Ufa umefika wapi? Zikiwa zimetoka kwenye muhuri uleule, yenye ufa mrefu zaidi iligongwa nyuma ya mwenzake.

Sarafu nyingi za wakati ule ziliyeyushwa. Zilizobaki ndizo ushahidi wa kazi ya mafundi wale. Basi mwenye sarafu ya zamani nyumbani asiisugue ili ing'ae: atapunguza bei yake, na alama zile hazitarudi tena.