Kalamu ya Ndunguru

Mwaka 1984 tulikuwa tukifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya bweni. Usiku mmoja, wakati wa kujisomea, tulimkuta kijana wa kidato cha pili ameinamia dawati, na ndani ya kitabu chake cha sarufi amelificha gazeti la Sani. Tulilichana mbele ya wenzake. Kisha tukalichana na daftari lake, maana alikuwa amelijaza picha alizoiga humo, nasi tuliuona huo kuwa uhuni mtupu.

Siku zile tuliamini kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma, tenzi, methali na vinyago. Vibonzo tulivihesabu kuwa takataka za mjini. La ajabu ni kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumemcheka sana Chakubanga, yule mshamba aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Lakini Uhuru lilikuwa gazeti la chama, kwa hiyo kicheko chake tulikipa ruhusa. Sani lilikuwa la watu binafsi, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na hata jina lake lilitokana na majina yao.

Miongoni mwa waliolitia uhai gazeti hilo hapana aliyempita Philip Ndunguru, ambaye alifariki mwaka 1986 angali kijana. Kalamu yake ndiyo iliyowapa sura kina Lodilofa na Ndumilakuwili. Hebu mwalimu wa lugha atazame jina hili la pili. Kiswahili kilikuwa nalo tangu zamani: ni nyoka adhaniwaye kuwa na vichwa viwili, na ni mtu mnafiki aumaye huku na huku. Ndunguru alilichukua neno hilo kutoka kamusini, akalivika suruali, akalitembeza mitaani. Sisi tulikuwa tukiwakaririsha wanafunzi maana yake ubaoni, nao wakasahau. Yeye aliwachorea, na hawakusahau.

Wala hakulazimika kubuni mengi. Baada ya vita vya 1978 na 1979 sukari na sabuni zilikuwa adimu, foleni zilikuwa ndefu, na mwaka 1983 Serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Mtu aishiye kwa ujanja, leo ana fedha na kesho anakimbia madeni, alikuwa jirani ya kila msomaji. Hotuba zilimlaani mtu huyo. Ndunguru alimwonyesha jasho lake na njaa yake, na msomaji, huku akicheka, alijiona yeye mwenyewe.

Alipofariki, wachoraji wengine waliendelea kuwachora wahusika wale wale, jambo ambalo kwetu sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura na Fisi halikupaswa kuwa geni. Ila karatasi za gazeti hazidumu kama masimulizi ya bibi. Nakala nyingi za zamani ziliishia kufungia karanga.

Kijana yule tulikutana naye miaka mingi baadaye, akiwa fundi wa kuchora mabango ya maduka. Tulimwomba radhi. Alicheka sana, akasema gazeti lile hata halikuwa lake. Alikuwa ameliazima kwa mwenzake, na baada ya sisi kulichana alilazimika kulilipa kwa sukari yake ya wiki nzima. Kuhusu daftari hakusema neno.