Mnyororo na Mti
Katika ofisi ninamotafutia riziki huku nikisomea shahada ya uzamili, swichi nne za mtandao zimeungwa moja nyuma ya nyingine mithili ya shanga uzini. Ya pili ikizimika, zilizo mbele yake zote hukatika, na wahasibu wa chumba cha mwisho hubaki kuzikodolea macho tarakilishi zao, hata iwe siku ya mishahara.

Mwenzetu mmoja alipendekeza swichi ya mwisho iunganishwe na ya kwanza. Rai ya busara, ila fremu za Etherneti hazina kikomo cha safari. Zikipata duara, huzunguka na kuongezeka hadi mtandao wote ukwame. Dawa yake iliasisiwa mwaka 1985 na Radia Perlman, Mmarekani: swichi huteua mojawapo kuwa mzizi wa mti, kisha huifunga njia ya ziada mpaka ihitajike. Nami mwanafasihi nilifurahi mno kugundua kwamba aliieleza kanuni hiyo kwa shairi pia, "Algorhyme". Wanaotuuliza ushairi una kazi gani na walisome!

Swichi zetu ni za bei nafuu, hazijui kanuni hiyo. Nimemwandikia meneja kuomba swichi kuu moja ambayo kila chumba kitaungwa nayo moja kwa moja. Ningali nasubiri jibu.