Saa Moja ya Angani

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Mtwara hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 400, na ndege huzimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 550. Wazee wetu wa Madimba hawajasahau kivuko cha Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Siku hizi basi linaloondoka Mbagala alfajiri hutufikia alasiri. Hata hivyo, Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, tulibaki siku kadhaa bila njia ya nchi kavu. Gesi ya kiwanda chetu, ambayo nayo huenda Dar es Salaam, haikati tiketi wala haiogopi mafuriko.

Hesabu hizi tulizipiga kwa uchungu usiku aliofariki mmoja wa waadhini wetu. Mwanawe yuko Dar es Salaam. Akapata nafasi katika ndege ya saa mbili asubuhi, nasi kamatini tukakaa kushauriana: Sunna ni kuharakisha maziko, na mtoto naye ana hamu ya kumzika baba yake. Tukaafikiana kuswalia jeneza baada ya Adhuhuri. Kwa saa moja ya angani, tulidhani muda ungetosha na kubaki.

Tulisahau kwamba safari ya ndege haianzi ndege inaporuka. Kijana alitoka nyumbani kabla ya Alfajiri, akafika uwanjani saa mbili kabla ya wakati, kisha ndege ikachelewa saa tatu nzima. Alipotua Mtwara adhana ilikuwa imekaribia, na bado alikuwa na njia ya kuelekea Msimbati mbele yake.

Hatukumngoja. Wapo waliotulaumu, na wengine wangali wanatulaumu. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na watu wanamwagia maji. Alisimama, akauliza kibla, akamswalia babake pale kaburini, jambo lililothibiti katika Sunna kwa aliyekosa jeneza. Baadhi yetu tuliokuwa tumekwisha kuswali tulisimama kando, tukiwa kimya.

Alasiri ilipoingia alituuliza kama anaruhusiwa kupunguza swala, maana safari yenyewe ilikuwa ya saa moja tu. Tulimweleza kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi'i kinachotazamwa ni masafa, wala si muda. Marhala mbili, ambazo wanazuoni wa zama hizi huzikadiria kilomita 80 na ushee, alikuwa amezipita mara nyingi, naye alikusudia kurejea keshokutwa. Ruhusa anayo. Ila akiswali nyuma ya imamu mkaazi hukamilisha rakaa nne.

Akasogea safu ya mbele, mahali alipokuwa akisimama baba yake, akakamilisha nne pamoja nasi.