Kalamu ya Gorong'a Yatafuta Msomaji

Ndugu msomaji, ukitoka Musoma kwenda Tarime utauvuka Mto Mara pale Kirumi, ambapo mafunjo yametanda pande zote mbili za daraja. Ukifika Tarime mjini, iache barabara kuu iendayo Sirari, mpakani mwa Kenya, ushike njia ya kuelekea mashariki. Utapanda vilima na kushuka, utapita mashamba ya mahindi, mihogo na ulezi, na hapa na pale utalazimika kusubiri ng'ombe wapite, kwani katika nchi ya Wakurya ng'ombe ndiye mwenye haki ya njia. Huko ndiko iliko kata ya Gorong'a, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Hapana shaka umekwisha kulisikia jina la sehemu hizi. Umelisikia katika habari za migogoro ya mipaka ya hifadhi, za wizi wa mifugo, na za ukeketaji. Umelisikia pia kwa ajili ya Masanga, kijiji chenye kituo ambacho kwa miaka mingi kimewapokea wasichana wanaokimbia kisu, hasa mwezi wa Desemba shule zinapofungwa. Wanahabari wamefika, watafiti wamefika, na kila mmoja ameondoka na daftari lililojaa. Gorong'a imeandikwa sana na wageni. Yenyewe bado haijajiandika vya kutosha. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitafakari leo.

Siku hizi kijana mwenye hamu ya kuandika hadithi haambiwi tena kwamba lazima asafiri hadi Dar es Salaam au Nairobi. Yako madarasa ya uandishi kwa njia ya intaneti, na ziko hata kambi za waandishi ambazo washiriki wake hawakutani ana kwa ana: kila mmoja hukaa kwake, hutenga siku kadhaa za utulivu, huandika, kisha jioni hukutana kwa simu wakasomeana. Mafunzo ya namna hii yana asili ndefu. Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936. Kwetu, mwaka 2017, Bagamoyo ilipokea warsha ya waandishi wa Kiafrika iliyoandaliwa na Tuzo ya Caine. Lakini nafasi katika mikutano kama hiyo ni chache mno, na nauli ni mzigo. Simu imeipunguza safari hiyo.

Aidha, kujifunza kwa mbali si jambo geni katika Kanda ya Ziwa. Baina ya 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Mwaka 1974 lilianza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau. Katika miaka hiyo hiyo yalikuwapo masomo kwa njia ya posta: mwanafunzi alituma jibu lake katika bahasha, akangoja wiki kadhaa hadi lirudi na masahihisho ya mwalimu asiyemjua kwa sura. Darasa la intaneti ni mjukuu wa bahasha ile.

Lakini tujiulize, mwandishi chipukizi hukosa nini hasa? Wengi watajibu kwamba hukosa utulivu, na matangazo ya kambi hizo husifu utulivu kwa maneno matamu. Mimi nasema Gorong'a ina utulivu wa kutosha, ila hauji kwa mtu mwenye kuni za kuokota na mifugo ya kuchunga. Kinachokosekana zaidi ni msomaji anayejibu. Mtazame mpiga litungu katika sherehe ya Kikurya. Akiimba neno zuri, watu humjibu papo hapo. Akichuja, huona kwa macho yake wasikilizaji wakigeukia pombe. Kwa hiyo hukua. Mwenye daftari hana bahati hiyo. Huandika peke yake, hufunika, na asiyejibiwa muda mrefu huanza kuamini kwamba hana la kusema.

Jirani zetu wa Ukerewe wametuachia somo chungu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya yake kubwa kwa lugha ya Kikerewe, inayoeleza maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikuwa na msomaji mmoja wa karibu, padri wa Kikanada aitwaye Almas Simard, aliyemtia moyo. Naye padri akafariki kabla kitabu hakijachapishwa. Mzee hakukata tamaa. Aliitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki. Je, ni miswada mingapi mingine iliyoliwa na mchwa kwa kukosa hata huyo msomaji mmoja?

Ndiyo maana naunga mkono madarasa haya, lakini kwa masharti. Ewe kijana, kabla hujatoa shilingi yako uliza mambo matatu. Kwanza, je, mwalimu ataisoma kazi yako mwenyewe na kukujibu, ama atahutubia tu? Kama ni hotuba, iko mingi ya bure. Pili, darasa linaendeshwa kwa lugha gani? Mtu huweza kuhitimu mafunzo ya Kiingereza na bado sentensi yake ya Kiswahili ikabaki imepinda. Tatu, kazi yako itakuwa ya nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Na pamoja na ada, usisahau hesabu ya bando na ya kuchaji simu.

Liko na sharti la nne, zito kuliko hayo. Darasa la mbali laweza kutaka kutoka kwako hadithi moja tu. Likisikia unatoka Tarime, litataka kisu, damu na machozi, kwa kuwa ndicho wanachokijua juu yenu. Msichana aliyepata hifadhi Masanga akiamua kuyasimulia yaliyompata, na asikilizwe kwa heshima. Lakini akitaka kuandika juu ya bibi yake aliyeoa mke kwa desturi ya nyumba ntobhu, ama juu ya mbuzi aliyekula daftari la hesabu, hiyo pia ni haki yake. Jeraha lake ni lake. Si ada ya kuingilia darasani.

Euphrase Kezilahabi alipoandika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, alianzia Namagondo, kijijini kwao Ukerewe, na Tanzania nzima ikamsoma. Kijiji hakikumpunguzia wasomaji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye mjini, unalo la kufanya. Huenda unaye mdogo wako ama mpwa wako huko kijijini anayeandika. Mtumie bando, ndiyo, lakini mwombe pia akutumie kurasa mbili kila mwezi, uzisome kweli, umwambie ulipocheka na ulipochoka. Nao walioko Gorong'a wasingoje mtandao ukae sawa: mwalimu wa shule, karani mstaafu na wanafunzi watatu wa sekondari wakikutana Jumapili alasiri chini ya mti, kila mmoja na ukurasa wake, hilo ni darasa kamili. Anayesoma na mwalimu wa mbali awaletee wenzake alichofundishwa.

Milango nayo ipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, yenye jina la mwana wa Butiama, mkoani humo humo Mara, aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Lakini mswada haufiki mlangoni kabla ya kusomwa nyumbani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba: kurasa mbili kwa mwezi ni kurasa 24 kwa mwaka, nazo zatosha hadithi fupi mbili au tatu zilizokwisha kupata wasomaji.