Visiwa Ambako Wanyama Hawamkimbii Mtu

Mwajua nyote jinsi mnyama wa mwitu afanyavyo amwonapo mtu. Paa hutimka mbio, ndege huruka, kenge huingia shimoni. Na mtoto atakaye kumtazama kanga kwa karibu hana budi kujificha nyuma ya kichaka na kuzuia pumzi. Leo twataka kuwapa habari za mahali ambapo desturi hiyo haipo. Sisi tulikwenda huko mwezi wa Mei, mume na mke, walimu tuliokwisha staafu. Mwana wetu afanyaye kazi Marekani ndiye aliyetulipia nauli, akasema, “Baba na mama, mmefundisha habari za wanyama katika vitabu miaka thelathini, nendeni sasa mkawatazame.”

Visiwa hivyo huitwa Galápagos, navyo ni vya nchi ya Ekuador tangu mwaka 1832. Vimo katika Bahari ya Pasifiki penye mstari wa ikweta, yapata maili 600 magharibi ya pwani ya Amerika ya Kusini, wala havikupata kuungana na bara hata siku moja. Vilizaliwa kwa moto. Chini ya bahari mahali pale pana joto kuu litokalo ndani ya dunia; mawe yaliyoyeyuka hupanda na kurundikana hata yakatokeza juu ya maji. Sakafu ya bahari nayo husogea polepole kwenda mashariki, ikakichukua kisiwa kilichokwisha kufanyizwa, na kingine kikaanza nyuma yake. Kwa hiyo visiwa vya mashariki ni vizee, na vya magharibi ni vijana. Fernandina, kilicho kijana kuliko visiwa vikubwa vyote, kilitoa moto tena mwezi wa Machi mwaka 2024.

Basi kila mnyama wa asili aliyeko huko, wazee wake walifika kwa kuruka, au kwa kuogelea, au kwa kuchukuliwa na maji juu ya magogo. Simba hakufika, wala chui, wala fisi. Wanyama wa visiwani hawakujifunza kumwogopa mwindaji wa nchi kavu, na mtu alipokuja hawakumtambua.

Wa kwanza kuandika habari zao alikuwa askofu, Tomás de Berlanga wa Panama. Mwaka 1535 alikuwa akisafiri kwenda Peru. Upepo ukakatika, mkondo wa bahari ukaichukua marikebu yake hata ikafika visiwani tarehe 10 Machi. Maji ya kunywa hayakuonekana. Wakatafuna majani ya mpungate ili wapate unyevu, na watu wawili na farasi kumi wakafa kwa kiu. Askofu alimwandikia mfalme wa Hispania habari za kobe wakubwa, na za ndege walio wajinga hata hawajui kukimbia, wakakamatwa wengi kwa mikono mitupu. Neno hilo “wajinga” tulilichukua pamoja nasi katika safari yetu yote, tukitaka kuona kama ni kweli.

Marikebu yetu ilikuwa ndogo, ya abiria 16 tu. Sheria ya huko hairuhusu chombo cha watalii kipitacho watu 100, tena kila wageni 16 ni lazima wawe na kiongozi wao aliyefundishwa. Kiongozi wetu alikuwa mzaliwa wa San Cristóbal, mtu mpole katika maneno, mkali katika sheria. Kabla ya kuondoka bara mizigo yetu ilikaguliwa, isije ikawa na mbegu au matunda. Nasi tulipewa amri chache: msitoke njiani, msimkaribie mnyama kupita mita mbili, msimlishe, msichukue kitu, hata jiwe, na viatu vioshwe kila tutokapo kisiwa kimoja, mchanga na mbegu visiingie katika kingine. Chombo kilisafiri usiku, sisi tukilala, au tukijaribu kulala, maana mawimbi ya huko hayana adabu kwa wageni.

Asubuhi ya pili tulishuka katika kisiwa cha Española. Mijusi mikubwa iitwayo iguana, yenye madoa mekundu na ya kijani, ilikuwa imelala juu ya mawe meusi, mmoja juu ya mwenziwe, kama kuni zilizopangwa. Hao hupiga mbizi kula mwani, nao ndio mijusi pekee duniani ipatayo chakula chake baharini. Chumvi iliyozidi mwilini huitoa kwa kupiga chafya. Mbele kidogo tuliwaona albatrosi, ndege ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita mbili. Karibu wote wa aina ile huzaa katika kisiwa hicho kimoja tu. Wawili walisimama wakikabiliana, wakainamiana, wakagonganisha midomo kama watu wachezao fimbo, wala hawakutujali hata kidogo. Mmoja alikuwa ameketi katikati ya njia. Tulimngoja karibu nusu saa, watu wazima 16 wamesimama juani wakimngoja ndege apishe. Alipotaka, aliondoka kwa miguu, akaenda hata ukingo wa jabali, akajitupa, na upepo ukamwinua.

Mchana ule tulifika pwani ya Gardner, yenye mchanga mweupe, ambako simba-bahari wengi walikuwa wamejinyosha kama wageni walioshiba pilau. Kando yao alikuwako mtoto mmoja peke yake, mwembamba, mbavu zake zahesabika. Alipotuona hakukimbia, alijikokota hata akafika miguuni petu, akalia kama mwana-kondoo na kuinusa mikoba yetu. Mama mmoja, msafiri mwenzetu, alitokwa na machozi, akaomba ruhusa amletee samaki kutoka jiko la marikebu.

Kiongozi akakataa. “Mama yake huenda kuvua, pengine siku kadhaa,” alisema. “Akirudi humtambua mwanawe kwa sauti na kwa harufu. Mkimpaka harufu yenu, aweza kumkataa. Na ikiwa mama amekufa, samaki mmoja wa leo hatamponya. Rudini nyuma hatua mbili, tafadhali.”

Mama yule akajibu kwamba sheria hiyo haina moyo. Nasi, tuliozoea kumpa uji mtoto aliyekuja shuleni na njaa, tuliona uzito sana. Usiku ule tuliulizana kwa muda mrefu: Je, huruma inayokataa kunyosha mkono yaweza kuitwa huruma? Chombo kiling’oa nanga, wala hatukupata kujua mwisho wa yule mtoto. Lakini jibu la swali letu tulilipata kidogo kidogo katika visiwa vilivyofuata.

Kisiwa cha Floreana kina historia ya kusikitisha. Wawindaji wa nyangumi walipita huko miaka mingi, nao walikuwa wamegundua kwamba kobe aweza kukaa ndani ya chombo mwaka mzima bila chakula wala maji, naye bado ni nyama nzuri. Wakawabeba kama magunia. Wajuzi hukadiria kwamba katika visiwa vyote walichukuliwa zaidi ya 100,000. Mwaka 1820 baharia mmoja wa marikebu iitwayo Essex aliwasha moto hapo kwa mzaha tu, na kisiwa kikateketea mahali pengi. Miaka 15 baadaye, Charles Darwin, mtaalamu Mwingereza, alipita visiwani kwa muda wa majuma matano. Aliandika kwamba katika kisiwa kimoja alimsukuma mwewe kutoka tawini kwa mdomo wa bunduki yake. Na katika Floreana alimwona mvulana ameketi kisimani, ana fimbo mkononi, akiwapiga njiwa na ndege wadogo waliokuja kunywa maji. Tayari alikuwa na rundo lao kwa chakula chake cha mchana. Tulipoikumbuka habari hiyo tulinyamaza. Ndege wale walikuja kunywa kwa sababu hawakuwa na neno na mtu. Hatuoni kwamba jina la ujinga ni lao.

Lakini katika kisiwa kile kile kuna jambo jingine la kufurahisha. Pwani yake moja ina pipa, na pipa la namna hiyo limekuwako huko tangu mwisho wa karne ya 18. Mabaharia waliokwenda mbali waliacha barua zao ndani yake, na waliokuwa wakirudi kwao wakazichukua. Hata leo wageni huweka barua bila stempu, nao huzipekua zilizomo. Ukiona moja ya mtu akaaye karibu na kwenu, huichukua na kumpelekea kwa mkono. Hakuna mlinzi, hakuna karani, hakuna risiti. Sisi tulipata moja ya mtu wa Arusha, tukampelekea tuliporudi, naye alitukaribisha chai kama ndugu.

Kutoka hapo tulikwenda Santa Cruz, penye kituo cha kulea kobe. Wasomaji wetu wa Unguja wanawajua kobe wakubwa wa Changuu. Wale ni wa jamaa nyingine, mwanzo wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, lakini kwa ukubwa na upole wafanana. Hapo Santa Cruz tuliuona mwili uliohifadhiwa wa kobe aliyeitwa George Mpweke. Kwao kulikuwa kisiwa cha Pinta. Mwaka 1959 wavuvi waliacha huko mbuzi watatu tu, ili siku za mbele wapate nyama. Hawakukusudia ubaya, ni akiba ambayo hata sisi tungeiona kuwa ya busara. Mbuzi wakazaana hata wakawa maelfu mengi, wakala majani yote. Mwaka 1971 George alionekana, wa mwisho wa aina yake, naye alikufa tarehe 24 Juni 2012 pasipo kuacha mtoto.

Sasa sikilizeni na habari ya pili. Kati ya mwaka 1963 na 1974 kobe wote waliobaki Española walikuwa 14: majike 12 na madume 2. Waliletwa Santa Cruz, baadaye akaongezwa dume mmoja aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya San Diego huko Marekani. Watunzaji wakayaangalia mayai, wakawalea watoto mpaka magamba yao yawe magumu, ndipo wakawarudisha kisiwani kwao. Watoto hao wamepita elfu moja, na mwezi wa Juni mwaka 2020 wale wazee 15 nao wakarudishwa. Mbuzi pia waliondolewa: katika kazi iliyoanza mwaka 1997 na kumalizika mwaka 2006, waliondolewa kama 150,000 katika visiwa vya Santiago, Pinta na upande wa kaskazini wa Isabela.

Ndipo tulipofahamu neno la kiongozi wetu. Hakukataza msaada, alikataza msaada wa mtu apitaye saa moja asijue alitendalo. Waliowasaidia kobe walijifunza kwanza, kisha wakakaa nao miaka zaidi ya hamsini.

Mwisho tulifika Fernandina, ambako mbuzi na panya wa kigeni hawajaingia. Huko tulimwona mnandi asiyeruka, ambaye mabawa yake yamekuwa mafupi kama matambara kwa kuwa hana amkimbiaye, na chakula chake kimo majini. Alipita mbele yetu na mwani mdomoni, akampelekea mwenzake aliyelalia mayai. Pengwini nao wako upande huo, ijapokuwa ni nchi ya ikweta, kwa sababu maji baridi hupanda kutoka vilindini. Miaka maji hayo yanapopata joto samaki huwa haba. Katika joto la mwaka 1982 na 1983 zaidi ya nusu ya pengwini walikufa.

Hatutaki kuwaficha kwamba safari za namna yetu nazo zina gharama kwa visiwa. Mwaka 2023 walifika wageni zaidi ya 300,000, na wenyeji wenyewe ni karibu 30,000 tu. Mwezi wa Januari mwaka 2001 meli ya mafuta iitwayo Jessica ilipanda mwamba karibu na San Cristóbal. Sehemu ya mafuta yaliyomwagika yalikuwa ya chombo cha watalii. Kwa upande mwingine, ada waliyotoza mlangoni, iliyokuwa dola 100, tangu Agosti mwaka 2024 ni dola 200 kwa wageni wengi, na fedha hiyo husaidia kulinda wanyama. Tulipowauliza wenyeji kama wangependa wageni wasije tena, mmoja alijibu, “Njoni, lakini njoni wachache, na mrudi kama mlivyokuja.” Twaona amesema vema.

Walimu watakaopenda kuwasomea watoto habari hizi, wawaonyeshe kwanza visiwa katika ramani, wafuate ikweta kwa kidole kutoka Kenya kwenda magharibi, wavuke Afrika, na Atlantiki, na Amerika ya Kusini. Kisha wawaulize: Ninyi mngalimfanyia nini yule mtoto wa simba-bahari? Wasikimbilie kuwapa jibu. Wawaache wabishane, kama sisi tulivyobishana katika kile chumba kidogo cha marikebu. Maana mtoto aliyejifunza kuuliza kama mkono wake utaponya au utaumiza, kesho atakuwa mtu wa kuaminiwa na mifugo, na jirani, na wadogo zake.