Faida ya Kuchanja Nguruwe

Kwetu Mbozi twafuga nguruwe, na nauli yangu ya kuja shuleni, madaftari na viatu hutoka katika banda lao. Kwa hiyo nimelifikiri sana swali waulizalo wafugaji wengi: "Mnyama mzima wa nini kumchoma sindano?"

Yako magonjwa yasiyopiga hodi. Virusi vya pavo humwingia nguruwe jike, naye hula na kutembea kama kawaida. Lakini watoto tumboni hufa mmoja mmoja na kukauka. Siku ya kuzaa mfugaji hupata vitoto vichache, na pengine jirani husingiziwa kijicho. Jike akichanjwa kabla ya kupandishwa, hasara hiyo huepukwa. Kadhalika vijidudu vya mikoplazima huleta kikohozi kikavu. Nguruwe hawafi kwa wingi, ila hukua polepole, na faida huishia katika pumba.

Lililonistaajabisha ni kuwa mtoto wa nguruwe hapewi kinga na mama yake akiwa tumboni. Huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza, mara baada ya kuzaliwa. Basi kwa magonjwa kadhaa, amchanjaye mama huwalinda na wana, maadamu wamenyonya mapema.

Hata hivyo, chanjo si hirizi. Mwaka 1987 wafugaji wa Marekani waliona ugonjwa mgeni ulioharibu mimba na mapafu pamoja. Mwaka 1991 wataalamu wa Lelystad, Uholanzi, walivigundua virusi vyake, na baadaye chanjo ikapatikana. Lakini virusi hivyo hubadilika-badilika, kwa hiyo chanjo hupunguza madhara bila kuufunga mlango kabisa. Tena sindano hizi hazizuii homa ya nguruwe ya Afrika, aliyoieleza Montgomery kutoka Kenya mwaka 1921, nayo haina dawa.

Kwa hiyo yafaa mambo mawili yaende pamoja: kumwuliza Bwana Mifugo chanjo ipi yahitajika na lini, na kulinda banda. Nguruwe mgeni atengwe kwanza, na viatu vioshwe mlangoni.

Najua wenzangu wengine hawali nyama hii. Lakini tukimaliza Kidato cha Nne wengi wetu tutarudi vijijini, na iwe ni kuku, ng'ombe au nguruwe, wazee watatuuliza tumejifunza nini. Tuwaambie kwamba mnyama huchanjwa angali mzima.