Pete za Miti na Swali la Mzee Wetu



 Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wetu waheshimiwa, wahariri wa jarida letu wametuomba mwaka huu tuandike juu ya elimu na mazingira. Tumeona kwamba badala ya kurudia yale ya kila mwaka kuhusu takataka na kupanda miti, tueleze jambo lililotufika sisi wenyewe, ingawa halitupi sifa kubwa.

Ilikuwa Novemba 2022. Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua zilikosekana tangu vuli ya 2020, msimu baada ya msimu, Kenya, Somalia na Ethiopia, na sasa msimu wa tano nao ulikuwa ukipita vivi hivi. Wanafunzi wetu wanaotoka pande za Kinango walikuwa wakirudi kutoka likizo na habari za ng'ombe waliokufa njiani wakipelekwa kunyweshwa. Tukatoka uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, na ilipokwisha tukapewa nafasi ya kusema maneno machache. Katika machache hayo tukatamka, tena kwa sauti ya juu, kwamba ukame kama huu haujapata kuonekana tangu ardhi iumbwe.

Watu walipotawanyika, mzee mmoja wa msikiti wetu alitushika mkono akatuvuta pembeni. Akauliza kwa upole, "Umejuaje, ustadhi?" Tukanyamaza. Akaendelea, "Baba yangu alinihadithia njaa ambayo watu walichimba mizizi wakala, na wengine wakaweka watoto wao rehani kwa pishi za mahindi. Naye alihadithiwa na baba yake. Ile ilikuwa kubwa kuliko hii, au ndogo?"

Hatukuwa na jibu. Mashirika ya misaada yalikuwa yakisema kwamba huo ulikuwa ukame mbaya kuliko yote katika miaka 40. Wao walisema 40, sisi tukaufikisha kwa Nabii Adam (a.s.), na hakuna aliyetutuma. Kilichotuumiza zaidi ni kwamba wiki ile ile darasani tulikuwa tumemkemea mwanafunzi aliyesema "Mtume amesema" bila kujua hadithi yenyewe imetoka kwa nani.

Basi tukaanza kutafuta. Je, iko njia ya kujua mvua ilivyonyesha kabla ya babu zetu, kabla ya mtu yeyote kuweka chombo cha kupimia mvua? Tukasoma, tukauliza walimu wa sayansi wa shule jirani, na jibu lililotushangaza kuliko yote lilikuwa hili: ipo miti inayoweza kueleza.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mti huacha kukua wakati wa baridi na kuanza tena hali ya hewa inapopata joto. Kila mwaka huongeza tabaka jipya la mbao chini ya gamba lake. Mbao ya mwanzo wa msimu huwa nyeupe na laini, ya mwisho huwa nyeusi na ngumu, kisha mti hulala. Ukiukata utaona duara ndani ya duara, na hizo ndizo pete za mti. Mti ulioota juu ya mwamba mkavu, ambao hauna maji ila ya mvua, mwaka wa neema hufanya pete pana, na mwaka wa ukame hufanya pete nyembamba kama uzi. Walioko kwenye milima yenye baridi husoma joto la kiangazi badala ya mvua, lakini njia ni moja.

Wala mti hauuawi. Wataalamu hutumia keekee yenye tundu katikati, wakatoboa kuelekea kwenye moyo wa mti na kutoa kijiti chembamba kuliko penseli. Hukibandika kwenye ubao, hukisugua kwa msasa mpaka king'ae, kisha huzipima pete zake chini ya hadubini.

Hapa ndipo tulipodhani tumemaliza: pete moja mwaka mmoja, hesabu tu. Kumbe hapa ndipo elimu yenyewe inapoanzia, kwa sababu mti mmoja unaweza kukudanganya. Mwaka wa ukame mkali mti unaweza usifanye pete kabisa upande fulani, hesabu ikapungua. Mwaka mwingine mvua ikikatika katikati kisha ikarudi, mti unaweza kufanya kitu kinachofanana na pete mbili, hesabu ikazidi. Au jirani yake ameanguka, umepata jua zaidi, umenenepa bila mvua kuongezeka. Basi hawaukubali ushahidi wa mti mmoja. Huchukua vijiti vya miti mingi, wakavilinganisha: huu una pete tatu nyembamba, moja pana, mbili nyembamba, je, ule wa bonde la pili una mpangilio huo huo? Penye pengo hurudi wakatafuta pete iliyopotea. Mwaka hautajwi mpaka miti iafikiane.

Wanafunzi wetu wa darasa la juu watakuwa wameshatabasamu. Wanavyuoni wa hadithi hawakupokea habari kwa sababu tu msemaji ni mtu mwema. Waliuliza alikutana na nani, hifadhi yake ilikuwaje, na wengine waliopokea jambo hilo wamelisemaje. Hatusemi kwamba mti ni sawa na mpokezi wa hadithi, tusije tukanukuliwa vibaya. Tunachofananisha ni tabia ya kukataa kuridhika na sauti moja.

Aliyeisimamisha elimu hii ni Mmarekani aitwaye Andrew Ellicott Douglass, naye hakuwa mtu wa misitu. Alikuwa mtaalamu wa nyota. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Arizona, alikuwa akichunguza madoa ya jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, akataka kujua kama yanagusa mvua. Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache, basi akaigeukia misonobari. Kutoka miti iliyo hai alirudi nyuma karne kadhaa. Kisha akachukua boriti za magofu ya wenyeji wa kale wa nchi ile, akapata mnyororo mwingine mrefu, lakini ulikuwa ukielea: miaka ilifuatana bila kujulikana ni miaka ipi. Mwaka 1929, katika mji mdogo uitwao Show Low, likafukuliwa gogo lililoungua ambalo pete zake za nje ziliingia katika mnyororo wa miti hai, na za ndani zikaingia katika ule wa magofu. Usiku mmoja minyororo miwili ikawa mmoja. Ndani yake ulionekana ukame mrefu wa kutoka 1276 hadi 1299, na ni katika miaka hiyo wenyeji wa Mesa Verde walipoyaacha makazi yao ya majabalini.

Msidhani haya ni ya makumbusho tu. Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaligawana maji ya mto Colorado. Walipiga hesabu kwa vipimo vya miaka michache waliyokuwa nayo mkononi. Mwaka 1976 Charles Stockton na Gordon Jacoby walitoa utafiti wa pete za miti ulioonyesha kwamba miaka ile ya mwanzo wa karne ilikuwa miongoni mwa miaka yenye maji mengi kuliko kawaida kwa karne kadhaa. Yaani waligawana kwa mkataba maji ambayo mto wenyewe, katika hali yake ya siku zote, hauna. Mpaka leo wanavutana. Nabii Yusuf (a.s.) aliiona miaka saba ya neema akajua kwamba nyuma yake inakuja saba ya shida, akaweka akiba, hawa waliiona ya neema wakadhani ndiyo desturi.

Tukatafuta pia habari za nchi za ndugu zetu. Huko Moroko, katika milima ya Atlas, iko mierezi ya kale sana, na kwayo wataalamu wameweza kusoma ukame na neema tangu mwaka 1049. Mwaka 2008 Ramzi Touchan na wenzake walieleza kwamba ukame ulioipata Algeria na Tunisia kati ya 1999 na 2002 ulionekana kuwa mbaya kuliko wote tangu katikati ya karne ya 15. Na kuhusu nchi za Sham, mwaka 2016 Benjamin Cook wa NASA na wenzake waliutazama ukame wa 1998 hadi 2012 kwa kutumia pete za miti ya nchi nyingi zinazozunguka bahari ya Mediterania. Angalieni walivyosema. Hawakusema haujapata kuonekana. Walisema iko asilimia 98 ya uwezekano kwamba ulikuwa mkavu kuliko kipindi chochote cha namna hiyo katika miaka 500, na asilimia 89 ukirudi mpaka miaka 900. Tuliposoma tarakimu zile tukaukumbuka uwanja, na sauti yetu wenyewe.

Sasa je, kwetu? Mwembe wa uani kwa madrasa yetu, ule ambao chini yake wengi mlisomea juzuu ya kwanza, ulikauka baada ya ukame huo, na mwaka 2023 ukakatwa kabla haujaangukia paa la darasa. Tukaona hii ni fursa. Tukamwomba fundi atukatie kipande kizuri cha shina, tukawapa wanafunzi msasa, wakakisugua siku mbili mpaka mikono ikawauma. Kisha makundi matatu yakahesabu. La kwanza likapata 47, la pili 58, la tatu 71. Kila kundi likaapa kwamba wenzao hawaoni.

Hawakuwa na kosa. Huku kwetu karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza mti, na mvua ni za misimu miwili, masika na vuli. Mti unaweza kukua mara mbili kwa mwaka, au kukua mwaka mzima bila alama, au kuweka alama kwa sababu zake wenyewe. Ndiyo maana miti mingi ya ukanda wetu haijapata kusomwa kama mierezi ya Atlas.

Lakini si yote. Hapo Gazi, kusini ya Mombasa, watafiti waliichunguza mikoko, ile ile tunayokata boriti. Waliitia alama kwenye shina, wakaiacha, kisha wakarudi kuona mbao kiasi gani imeongezeka baada ya alama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 walieleza kwamba mkoko hufanya pete moja kwa mwaka: wakati wa mvua mbao yake huwa na mirija michache, wakati wa kiangazi huwa na mirija mingi. Mwanafunzi mmoja akauliza papo hapo, "Maalim, basi boriti za msikiti wa zamani tunaweza kuzisoma?" Tukamjibu kwamba kwanza unahitajika mnyororo kutoka miti iliyo hai, kama wa Douglass, na mikoko yetu mikubwa imekatwa tangu enzi za majahazi kwenda Uarabuni na Ghuba. Akasema ataifanya yeye kazi hiyo. Tumeliandika jina lake.

Zaidi ya miti, liko tope. Chini ya ziwa Naivasha tope hutulia tabaka juu ya tabaka, na mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walisoma humo habari za mvua za miaka 1,100. Waliona vipindi vitatu vya ukame mrefu, cha mwisho kikiwa cha 1760 hadi 1840. Vyote vilikuwa vikali kuliko ukame wowote uliorekodiwa katika karne ya 20, na vililingana na njaa zinazosimuliwa katika hadithi za wazee.

Tulikwenda nyumbani kwa mzee wetu kumpelekea jibu hilo, na kumwambia kwamba tulisema tusilolijua mbele za watu. Akatusikiliza, akaagiza kahawa. Kisha akauliza ule mwembe wanafunzi waliupatia miaka mingapi. Tulipomtajia zile hesabu tatu alicheka mpaka akakohoa.

"Ule mwembe nilimshikia marehemu mama kokwa akiupanda," akasema. "Ni mwaka wa mvua kubwa za 1961, barabara zilikatika, hatukutoka nyumbani. Ningeulizwa ningesema."

Kile kipande cha shina kiko ofisini kwetu, na yeyote anaweza kuja kukitazama. Zile hesabu tatu tumeziacha pale pale kwa chaki. Chini yake mwanafunzi mwenye hati nzuri ameandika kwa wino: "1961, kwa mapokezi ya babu yetu, kutoka kwa mama yake."